Siku Saba za Kuhesabu Magari, Njia ya Mtinko

Barabara ya kulipia haianzi na katapila. Inaanza na barua. Nalijua hilo kwa sababu barua ya kwanza ya namna hiyo kufika mkoani kwetu niliisoma kwa macho yangu, ofisini kwa mhandisi wa mkoa, nikiwa nimekaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyenikaribisha.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wakati kila kitu kilichokuwa cha serikali kilianza kutafutiwa mwenyewe. Wanunuzi binafsi wa alizeti walikuwa wameshaingia vijijini na mizani zao, mabasi ya watu binafsi yalikuwa yanagombania abiria stendi, na sasa wizara ilikuwa inauliza kama hata barabara haiwezi kupata mtu wa kuitengeneza kwa fedha yake, kisha akaweka geti na kulipisha wapitao mpaka fedha yake irudi.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Botswana. Niliondoka Singida na cheti cha kidato cha nne na begi moja la turubai. Nilirudi na pikapu nyeupe, nikajenga Unyambwa nyumba ya vyumba vitano yenye bati la rangi, na nilikuwa na stashahada ya ujenzi wa barabara niliyoipata kwa kusoma jioni, mwaka baada ya mwaka, baada ya kushinda juani kwenye lami ya watu wengine. Sikushikwa mkono na mtu. Wapo wanaosema najisifu. Ni kweli najisifu. Aliyejifunza hesabu za kona za barabara kwenye kibanda cha mabati, huku wenzake wakinywa bia nje, ana haki ya kusikika akisema.

Shida ni kwamba nyumbani hakuna aliyenisikia. Waliona pikapu, waliona bati, lakini stashahada haionekani kwa macho, na kazi ya kuionyesha sikuwa nayo. Na pia alikuwapo binamu yangu.

Huyu ni mtoto wa mjomba, mdogo wake mama yangu wa tumbo moja. Tulichunga pamoja, tukaingia jandoni msimu mmoja, tukafanya mtihani wa darasa la saba siku moja. Mimi nilifaulu, yeye hakufaulu. Nilipokwenda sekondari yeye alishika sururu kwenye genge la barabara la halmashauri, akawa mnyapara, na kufikia mwaka niliorudi alikuwa mkaguzi wa barabara, na baiskeli ya ofisi iliyoandikwa namba kwa rangi nyeupe kwenye fremu.

Wivu wangu kwake naweza kuueleza ulipoanzia. Siku ya kwanza kwenda mnadani Mtinko na pikapu yangu, niliegesha karibu na wauza vitunguu. Watu waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakainuka. Nikashuka, nikanyoosha mkono. Wakanipita. Nyuma yangu alikuwa ameingia yeye na baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi, na wote walikuwa wanaenda kwake. Mmoja anamweleza karavati iliyoziba, mwingine anamwambia mke wake amejifungua.

"Binamu!" akaniita juu ya vichwa vya watu. "Umekuja na gari ya harusi, bibi harusi yuko wapi?"

Wakacheka wote. Kwetu binamu ni mtani, hukasiriki. Nikacheka pia. Lakini nilirudi mjini nikiendesha kwa hasira, na pikapu ikaruka mashimo yote ambayo yeye ndiye aliyetakiwa kuyaziba.

Basi barua ilipokuja, niliiona kama imeandikiwa mimi. Mhandisi wa mkoa alikuwa mtu mzima, mpole, mwenyeji wa mbali, ambaye nilikuwa nimejizoesha kumtembelea. Barua ilitaka kila mkoa upendekeze barabara moja, na kwa hiyo barabara ilitaka vitu vitatu: mihtasari ya mikutano ya vijiji kuonyesha wananchi wamekubali; hesabu ya magari yapitayo kwa siku saba mfululizo; na maelezo ya njia nyingine ya bure, kwa wale wasiotaka au wasioweza kulipa. Baada ya hapo kikao cha barabara cha mkoa kingekaa, kingeamua, na faili lingepelekwa wizarani na mtu wa kulieleza.

"Huyo mtu ndiye atakayekuwa kiungo chetu na mwekezaji," mhandisi akasema. "Akipatikana."

"Amepatikana, mzee," nikasema. "Nitafanya kazi yote. Wala sihitaji posho."

Akaikunja barua. "Ya magari utafanya wewe, una elimu yake. Ya vijiji nampa mkaguzi wa halmashauri. Halafu kikao kitaona nani aende na faili."

Nilitoka pale nikijua ninashindana na nani na kwa ajili ya nini. Nani aende na faili. Mimi au yeye. Niliona kabisa nikiingia jengo la wizara na mkoba wangu, nikifungua michoro, na habari zikirudi Singida kwamba mkoa una mtaalamu, na mtaalamu mwenyewe ni mtoto wa hapa.

Barabara iliyopendekezwa ilikuwa hiyo hiyo ya Mtinko. Malori ya vitunguu na alizeti yalipita huko, na mabasi, na matenga ya kuku yanayosafirishwa hadi Dar es Salaam.

Mkutano wa kwanza wa kijiji nilikwenda bila kualikwa, ili nione atakavyoboronga. Nilibeba na mchoro niliouchora kwa kalamu za rangi nne, unaoonyesha gharama ya gari kwenye barabara mbaya na kwenye barabara nzuri. Nilipewa nafasi, nikaeleza nusu saa. Kuna mzee alilala, na mbuzi wa mtu akaja kunusa mchoro. Kisha akasimama binamu yangu, mikono mfukoni, akaanza kwa Kiswahili, akaingia Kinyaturu, akatoka, akarudi. Mimi Kinyaturu changu kilikuwa kimeota kutu, nilishika moja nikiacha mbili.

Mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. "Mimi naenda kliniki na punda. Punda naye atalipa?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Jibu."

"Shangazi, punda akilipa ni lazima apewe risiti. Na huyo punda wako namjua, risiti ataila kabla hujafika kliniki."

Walicheka mpaka yule mzee akaamka. Baada ya kicheko akawaambia ukweli wenyewe, taratibu: wa miguu, wa baiskeli na wa punda hawatalipa, wenye magari watalipa, na nauli ya basi inaweza kupanda, asije mtu baadaye akasema hakuambiwa. Wakapiga kura ya mikono. Muhtasari ukaandikwa palepale kwenye daftari la mwenyekiti. Vijiji vyote vilivyofuata vilikwenda hivyo hivyo. Nilikuwa nasikia habari zake kila jioni.

Zamu yangu ikafika. Nikaamua kwamba hesabu yangu itakuwa kitu ambacho Singida haijakiona. Nilichagua mahali penye nafasi, kilomita kadhaa kutoka mjini, kabla barabara haijaingia kwenye mawe makubwa. Nikasimamisha turubai jipya. Nikaweka meza na saa ya mezani. Na ili magari yapunguze mwendo niweze kuyaona vizuri na kuyaandika kila moja kwenye safu yake, nikatafuta mlingoti mrefu, nikaupaka rangi nyekundu na nyeupe kama tulivyofanya Botswana, nikauegemeza kando ya njia juu ya mapipa mawili. Haukuziba barabara. Uliingia robo tu. Nilivaa shati jeupe na kofia ngumu.

Siku ya kwanza magari yalipita ya kuridhisha. Nilichora vijiti vyangu vitano vitano kwa furaha. Mchana dereva wa lori la vitunguu alisimama, akatoa kichwa.

"Mzee, leo mnachukua shilingi ngapi?"

"Sichukui kitu. Nahesabu tu."

Akamgeukia utingo wake. "Umesikia? Wote huanza kwa kuhesabu." Akatia gia akaondoka.

Siku ya pili yalipungua. Siku ya tatu, kuanzia alfajiri mpaka saa tano, yalipita mabasi mawili ambayo hayana hiari, gari la hospitali na pikipiki ya padri. Malori hakuna. Nilikaa kwenye kiti changu, upepo wa Singida unapiga turubai kama ngoma, nikatazama barabara tupu. Nilidhani labda ni msimu. Nilidhani labda bei ya vitunguu imeanguka.

Akaja binamu yangu na baiskeli yake. Aliiegemeza kwenye pipa, akauangalia mlingoti, akaupapasa rangi, akaniangalia mimi na kofia yangu, kisha akakaa chini kwenye mchanga na kucheka hadi akashika mbavu.

"Injinia, umejenga geti."

"Ni kituo cha kuhesabia magari."

"Kwa nani? Nani anajua hicho? Binamu, hapa kila halmashauri imeweka mti na mtu mwenye shati jeupe kuchukua ushuru wa mazao. Dereva akiona mti mwekundu na mweupe hasomi, anakata kona. Wameshapashana habari tangu juzi. Wanashukia korongoni kule nyuma ya mawe, wanatokea mbele yako."

"Korongoni malori hayapiti. Ni mchanga mtupu."

"Kiangazi hiki? Nenda ukaone matairi. Wamekata hata miti." Akasimama, akajipangusa. "Bomoa huu mti. Kaa pale kwa mama muuza chai, agiza chapati, hesabu chini ya meza kwa punje za mahindi mfukoni. Anza upya siku saba. Mimi nitakaa na wewe siku mbili za kwanza, madereva wakiniona hawatashtuka."

Alikuwa anasema kweli, na nilijua palepale anasema kweli. Kilichoniudhi ni ile sehemu ya mwisho. Mimi nitakaa na wewe. Madereva wakiniona. Yaani hesabu yangu, yenye stashahada, ilihitaji sura yake ili iwe hesabu.

"Fomu ya wizara inasema kituo kionekane na mtumishi avae sare," nikamjibu. "Utaratibu hauandikwi na mama muuza chai."

"Haya, Mtswana wangu," akasema, akapanda baiskeli. Sikumwona tena mpaka siku ya kikao.

Nikakaa siku nne zilizobaki. Ningeweza kuubomoa ule mti siku yoyote. Sikuubomoa. Kila jioni niliandika safu ile ya malori, na kila jioni ilikuwa karibu tupu. Kwenye ukurasa wa tatu wa fomu, palipoulizwa njia ya bure, niliandika kwa mwandiko mzuri: njia ya mkokoteni kupitia korongoni, haipitiki kwa magari. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba inapitika. Niliandika hivyo hivyo.

Kikao kilikaa ukumbi wa mkoa. Nilieleza hesabu zangu nimesimama wima, nikasema trafiki ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa lakini itakua barabara ikitengenezwa. Mwenyekiti akapekua karatasi.

"Malori machache hivi? Mbona mimi mwenyewe vitunguu vinanipita nyumbani kila siku?"

Nikageuza kurasa zangu. Mhandisi wa mkoa akatazama meza. Ndipo binamu yangu akaomba kusema, na nikajua nimekwisha. Nilishaandaa uso wa kuchekwa.

Hakunicheka. Alisema, "Waheshimiwa, hesabu ya huyu ndugu yangu ni sahihi. Hayo ndiyo magari yaliyopita mbele ya geti. Mengine yote yalishuka korongoni. Nilikwenda kukaa huko siku mbili nikayaona kwa macho. Sasa mimi sikusoma, lakini najiuliza. Huyu alikuwa hachukui hata senti. Wamemkimbia wa bure. Je, akikaa wa kulipisha? Mwekezaji ataweka fedha yake hapa, madereva watapita kule, na kule tukisema tupazibe tutakuwa tumevunja sharti la njia ya bure lililoandikwa kwenye barua. Nadhani barabara hii haifai kwa geti. Inafaa kuchongwa tu kama nyingine."

Mwenyekiti akasema, "Hilo ndilo la kwenda kueleza wizarani." Kikao kikaamua mkoa ujibu kwamba njia ya Mtinko haifai kulipiwa, na uombe iingizwe kwenye matengenezo ya kawaida. Kisha mhandisi akauliza nani aende na faili. Hakukuwa na mjadala, ni yeye. Hata mimi mkono wangu ulipanda, kwa sababu wote walikuwa wananiangalia.

Nifikirie nilivyotoka mle. Angenisema ningemchukia, ningepumzika. Alichukua kosa langu, siku saba za ukaidi wangu, akaligeuza kuwa kipimo, akalikabidhi kwa waheshimiwa likiwa na jina langu. Mimi nilihesabu na yeye akaelewa. Sijui kama kuna wizi mbaya kuliko ule ambao mwizi anakusifu.

Siku mbili baadaye akaja nyumbani Unyambwa asubuhi. Mke wangu akampa chai. Akaweka faili juu ya meza yangu ya kioo.

"Binamu, wizarani wanataka ukurasa mmoja wa kitaalamu kueleza kwa nini magari yalikwepa. Mimi nitaandika nini? Niandikie."

Nikakubali haraka mno. Nilikaa nao ukurasa ule siku nzima. Niliandika uhamaji wa wasafirishaji kuelekea njia mbadala. Niliandika unyumbufu wa mahitaji ya usafiri kulingana na tozo. Niliweka milinganyo miwili. Ulikuwa ukurasa bora kuliko yote niliyowahi kuandika, na kila sentensi niliipima kwa jambo moja: kama mtu wa darasa la saba akiulizwa juu yake mbele ya wakubwa, atasimama kama nguzo.

Alirudi kesho yake kuuchukua. Akavua viatu mlangoni, akakaa, akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa pili kidole kikasimama.

"Unyumbufu ndiyo nini?"

Ningeweza kumwambia aache tu, wataelewa wenyewe. Lakini mtu akikuuliza kitu unachokijua, na ukiwa umekaa miaka miwili tangu urudi bila kuulizwa na mtu yeyote, mdomo unafunguka wenyewe.

"Ni kiasi ambacho watu wanapungua bei ikipanda."

"Kama kuku wa mnadani. Ukipandisha jogoo kidogo, wananunua. Ukipandisha sana wanakula mboga."

"Eeh. Hivyo."

"Na hii alama kama kiti kilichoanguka?"

Nikamweleza. Akauliza tena. Alirudia kwa maneno yake, nikamsahihisha, akarudia. Jua likapanda, chai ikaletwa mara ya pili, na yeye hakuona haya hata mara moja. Alikuwa anauliza kama mtu anayechota maji kisimani kwao. Nilimtazama mdomo wake ukitamka milinganyo yangu, nikakumbuka miaka ya Botswana, mara ngapi nilikaa darasani na swali ulimini, nikalimeza, nikaenda kulitafuta peke yangu kwenye vitabu wiki nzima ili asijue mtu kwamba sijui. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa kupendwa, kwa watu kuinuka juu ya magunia, na sasa nikaona kwamba hata hilo lilikuwa la juu juu. Kile ambacho ningempa pikapu ili nipate, alikuwa nacho tangu tunachunga: hakuogopa kuonekana hajui.

Alipomaliza alikuwa anauelewa ukurasa ule kuliko mhandisi. Akaukunja.

"Kama wakiuliza nani ameandika?"

"Sema wewe."

"Aa, nidanganye? Nitasema binamu yangu, yule msomi. Andika jina hapa chini, na stashahada uiandike, nafasi ipo."

Nikaandika. Akavaa viatu, akapanda basi la asubuhi iliyofuata. Aliporudi nilisikia kwa watu kabla hajafika kwangu kwamba amewaeleza vizuri hadi wakamtaka arudie kwa watu wa mkoa mwingine. Wizara ilikubali. Wale waliopendekeza geti kwingine waliendelea na barua zao za pili na za tatu, na sisi tukaondoka kwenye orodha hiyo.

Njia ya Mtinko ilichongwa kiangazi kilichofuata, ikamwagwa changarawe, ikakatwa mifereji pande zote mbili. Yeye ndiye aliyesimamia. Watu huku wanaiita barabara ya mkaguzi. Naipita kila wiki kwenda mnadani. Mara tatu nimesimamisha gari, nikashuka, nikachukua pima maji yangu na kamba, nikapima mteremko wa mifereji ile toka juu hadi kwenye karavati, nikitafuta kosa.